Uliza Ujibiwe: "Neap" ni maji ya namna gani?

SWALI: Mhariri, Assalamu alaykum. Mimi ni kijana wa Mjini, na tangu mwaka jana nafanya kazi ya kutembeza wageni Jambiani. Siku moja mgeni alinionyesha katika simu yake jedwali la maji, na mbele ya tarehe ya siku ya pili yake palikuwa pameandikwa "neap tide". Neno la mwanzo sikulijua, lakini nilikisia kuwa ni maji kupwa, kwa hivyo nikamwambia kuwa siku hiyo itakuwa nzuri, tutakwenda kwa miguu kwenye mashamba ya mwani na kisha mpaka mwambani. Tulipofika pwani saa nne za asubuhi maji yalikuwa yamejaa. Tukarudi tena jioni, yakawa yametoka kidogo tu, hata vigingi vya mwani havikuonekana vizuri. Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu alitutazama, akacheka, akasema: "Leo maji mafu, mwanangu." Naomba kujua neno hilo "neap" maana yake hasa ni nini, linatumika vipi, na kwa nini sikulikuta katika kamusi ndogo ninayotembea nayo.
Mtembeza wageni, Jambiani

JIBU: Wa alaykumus-salaam. Mzee huyo alikwisha kukujibu, ila alikujibu kwa Kiswahili na wewe ulikuwa ukisubiri Kiingereza. "Neap", ambalo hutamkwa niip kwa kuivuta irabu kama katika "keep", ni kivumishi cha maji mafu, yaani yale maji ya siku chache katika kila nusu ya mwezi ambayo hayajai sana wala hayapwi sana.

Lililokupoteza ni kulihesabu "neap" kuwa ndugu wa "low", na wengi hupotea hapo hapo, wakiwemo Waingereza waliozaliwa mbali na bahari. Maneno haya mawili hayajibu swali moja. Ukisema "low water" unaeleza maji yalipo kwa saa fulani: yametoka, na pwani iko wazi. Ukisema "neap" unaeleza ukubwa wa mwendo mzima wa maji kwa siku hizo, toka yanapojaa mpaka yanapokupwa, na unasema kuwa mwendo huo ni mfupi. Ndiyo maana baharia wa Kiingereza anaweza kusema "neap high water" na "neap low water" bila ya kujipinga. Maji mafu nayo hujaa na kupwa mara mbili kwa siku kama maji mengine yote, lakini yakijaa huishia chini ya pale yanapofika maji ya bamvua, yaani maji makubwa, na yakipwa huishia juu ya pale bamvua linapoyashusha. Fikiria pembea ya Sikukuu: mtoto akisukumwa kwa nguvu huruka mbele sana na kurudi nyuma sana, na akiachwa hubaki kuyumba karibu na katikati. Bamvua ni pembea iliyosukumwa, na maji mafu ni ile iliyoachwa.

Tuchukue tarakimu za mfano, zinazokaribiana na hali ya maji ya Unguja. Siku ya bamvua kubwa jedwali linaweza kuonyesha kuwa maji yatakupwa mpaka mita 0.3 na kujaa mpaka mita 4.0, na siku ya maji mafu litaonyesha mita 1.6 na mita 2.6. Toa kimo kimoja katika chengine, utaona kuwa bamvua lina mwendo wa mita 3.7, hali ya kuwa maji mafu yana mwendo wa mita 1 tu. Kisha tafuta katikati ya kila jozi, utakuta ni karibu mahali pale pale, mita 2 na kitu. Bahari yenyewe haikuongezeka wala kupungua baina ya siku hizo mbili, kwani kilichobadilika ni masafa ambayo maji yanakwenda na kurudi. Wala usidhani kuwa ile mita 1.6 ndiyo kina cha maji pale utakaposimama. Vimo vya jedwali hupimwa kutoka alama ya sifuri ya ramani za bahari, nayo huwekwa chini kiasi kwamba maji huifikia kwa nadra. Kilicho muhimu kwako ni kulinganisha. Mahali ambapo mchanga hutokeza maji yanapokupwa mpaka 0.3 patakuwa chini ya maji ya mita 1.3 siku ambayo yanaishia 1.6, na hayo ni maji ya kifuani, mgeni wako akiwa si mrefu.

Sababu yake iko juu mbinguni. Mwezi na jua vyote viwili huvuta maji ya bahari, lakini jua, pamoja na ukubwa wake wote, liko mbali sana, kwa hivyo uwezo wake wa kujaza na kukupwisha maji haufiki hata nusu ya ule wa mwezi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, vitu hivyo viwili pamoja na dunia huwa karibu katika mstari mmoja, nguvu zao zikajumlishwa, na matokeo yake ni bamvua. Mwezi unapofika robo ya kwanza au robo ya mwisho, yaani tunapouona nusu yake imewaka na nusu imezimika, yeye na jua huwa wanavuta kwa pembe mraba: pale ambapo mwezi unataka kujaza, jua linataka kupunguza. Mwezi ndio unaoshinda, lakini ushindi wake huwa mdogo, na hayo ndiyo maji mafu. Athari hii huchelewa kwa siku moja au mbili, kwa hivyo usishangae ukiona mwezi uko nusu kamili leo na maji yakawa mafu zaidi kesho au keshokutwa. Katika mwezi mmoja wa mwandamo, ambao ni siku 29 na nusu hivi, hupita bamvua mara mbili na maji mafu mara mbili, na kutoka moja hadi la pili ni kama wiki moja.

Hapa Zanzibar tuna bahati moja ambayo mgeni wako hana. Jedwali lake linafuata kalenda ya jua, ambayo haisemi lolote juu ya maji, na sisi tuna kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa katika kila duka na kila msikiti. Mtu anayejua kuwa leo ni tarehe ngapi ya mwezi wa Kiislamu anajua pia maji yakoje, bila ya kufungua simu. Siku zinazozunguka tarehe 1 na tarehe 15 ni za bamvua, na siku zinazozunguka tarehe 8 na tarehe 22 au 23 ndizo za maji mafu. Saa nazo zinajulikana. Siku za bamvua maji ya Unguja hujaa karibu na saa kumi, za alfajiri na za jioni, na hupwa karibu na saa nne, za asubuhi na za usiku. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi, kwa sababu mwezi nao huchelewa kiasi hicho kurudi pale ulipokuwa jana. Siku saba zikipita, dakika 50 zimekuwa karibu saa sita nzima, na mambo yamepinduka: saa nne za asubuhi maji yamejaa, na kukupwa kwake ni saa kumi za jioni. Ndicho kilichokukuta. Ulikwenda pwani saa ambayo wiki moja kabla yake ingekuwa sawasawa kabisa, na ukarudi jioni kwa maji yaliyokwisha kutoka kadiri yatakavyotoka siku hiyo.

Watu wa Jambiani na Paje hawahitaji maelezo haya, kwa sababu kazi zao zimepangwa juu yake. Kilimo cha mwani wa kuuza nje, ambacho kilianzia katika vijiji hivyo mwaka 1989, hufanyika zaidi siku za bamvua, wakati maji yanapotoka asubuhi na kuacha vigingi na kamba zikiwa wazi au zikiwa katika maji ya magotini. Wakulima, ambao wengi wao ni wanawake, huingia maji yakiwa yanatoka, wakafunga mbegu, wakavuna, wakavuta mizigo yao pwani kabla ya maji kurudi. Wachokoaji wa pweza nao huzisubiri siku hizo hizo, kwa sababu ndipo mapango ya mwambani yanapofikika kwa miguu. Maji yakishakuwa mafu kazi huhamia juu, kwenye kuanika, kutayarisha kamba na kufanya shughuli za nyumbani.

Kwa hivyo usilione neno "neap" katika jedwali ukadhani kuwa siku imeharibika. Imeharibika kwa safari ya miguu tu. Mgeni anayetaka kuogelea hufurahia zaidi maji mafu, kwa sababu hayamkimbii kwa nusu kilomita kama yanavyofanya siku za bamvua katika pwani ya mashariki. Mikondo huwa dhaifu, maji mara nyingi huwa maangavu, na wapiga mbizi wengi huzichagua siku hizo kwa makusudi. Panga safari ya mwani na mwamba kwa tarehe za bamvua, na ya kuogelea, ngalawa na kupiga mbizi kwa tarehe za maji mafu, na ukiulizwa kwa Kiingereza sababu yake, sema: "The neap tides do not go out far enough for walking." Atakuelewa.

Umeuliza pia kwa nini neno halimo katika kamusi yako. Kamusi ndogo huchagua maneno yanayotumika sana, na hili ni neno la watu wachache: mabaharia, wavuvi, wahandisi wa bandari, walimu wa jiografia na waandishi wa majedwali ya maji. Muingereza wa kawaida anaweza kumaliza maisha yake asilitamke. Si kwamba ni jipya. Limo katika Kiingereza cha kale, kabla ya mwaka 1100, katika neno "nepflod", na wachunguzi wa lugha mpaka leo hawajakubaliana juu ya asili yake. Elimu ya jambo lenyewe nayo ni kongwe huko. Mtawa mmoja wa kaskazini ya Uingereza, Bede, aliandika mwaka 725 juu ya maji yanavyofuata mwezi, akayapa maji makubwa na maji madogo majina mawili ya Kilatini, "malina" na "ledo", ambayo hayakudumu.

Nikuongezee tahadhari moja, kwa sababu ukikutana na "neap" hutakosa kukutana na mwenzake. Bamvua kwa Kiingereza ni "spring tide", na "spring" hapa halihusiani na majira ya mwaka. Ni "spring" ya kuruka na kuchupa, kama maji ya chemchemi yanavyochupa kutoka ardhini. Nimewahi kusoma tafsiri iliyoandika "maji ya majira ya machipuko", katika kitabu kilichokusudiwa watoto wa visiwa hivi ambao majira wanayoyajua ni kaskazi, masika, kusi na vuli. Bamvua huja mara mbili kila mwezi, mwaka mzima, mvua ikinyesha au jua likiwaka.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa sekondari, Chake Chake. Mwalimu wetu wa Jiografia alitufundisha "neap tide", nikalipenda neno hilo, nikalitia katika insha ya Kiingereza kwa sentensi mbili: "The sea was very neap that day" na "My hopes are neap." Mwalimu wa Kiingereza alizipigia mstari mwekundu zote mbili bila ya kueleza. Nimekosea wapi?
Mwanafunzi, Chake Chake

JIBU: Mwalimu wako alikuwa na haki ya kupiga mstari, ingawa angekueleza ungefaidika zaidi.

Vivumishi vya Kiingereza si vyote vinavyokaa kila mahali. "Big" linaweza kutangulia nomino, na linaweza pia kuja baada ya kitenzi: "a big boat", "the boat is big". "Neap" halina uhuru huo. Kwa kawaida hukaa mbele ya nomino, tena si kila nomino: "neap tide" na "neap tides" ndizo za kawaida kabisa, kisha "neap range" kwa ule mwendo wa maji tulioueleza hapo juu, "neap high water", "neap low water", na nyengine chache za aina hiyo. Huvumisha maji yanayojaa na kupwa. Bahari, siku, samaki na watu halivumishi. Kwa hivyo "the sea was neap" ni sentensi ambayo msomaji ataielewa kwa kukukisia, na insha nzuri haimwachii msomaji kazi ya kukisia.

Kisha umetia "very". Vivumishi vinavyotaja aina ya kitu havipendi kupimwa kwa "very" wala kwa "more". Maji ama yamo katika kipindi cha "neap" ama hayamo. Hata hivyo mabaharia wana njia yao ya kuitaja ile siku ambayo maji ni mafu kuliko siku zote: wanasema "dead neaps". Wewe unayeyaita maji hayo kuwa ni mafu tangu ulipoanza kusema utaona kuwa hilo ni neno la nyumbani. Sentensi yako ya kwanza iandike hivi: "There was a neap tide that day", au, ukitaka kutumia nomino, "It was neaps." Umbo hilo la wingi, "neaps", ni nomino kamili, na mwenzake ni "springs". Watu wa baharini hulitumia zaidi kuliko kivumishi chenyewe: "at neaps", "on neaps", "three days after neaps". Kuna na kitenzi pia, lakini siku hizi hakisikiki ila katika umbo moja ambalo msomaji wetu wa Nungwi ameliulizia hapo chini.

Ama sentensi ya pili, matumaini ya mtu hayaitwi "neap". Waingereza wanapotaka kusema kuwa moyo, biashara au matumaini yamedidimia wana msemo uliokwisha kuzoeleka, "at a low ebb", na msemo huo umetokana na maji kupwa, ambalo ni jambo jengine. Na ukiupima uhalisi wenyewe, maji mafu hayafai kuwa mfano wa kukata tamaa, kwa sababu katika siku hizo maji hayashuki chini kabisa. Yanafaa zaidi kumfananishia mtu aliyepooza, asiyefurahi sana wala asiyehuzunika sana. Ukiwa mshairi unaweza kujaribu, lakini katika mtihani andika "My hopes are at a low ebb" na uhifadhi alama zako.

SWALI: Tunafasiri kitabu kidogo cha uvuvi kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Mwenzangu ameshikilia kuwa "maji mafu" iwe "dead water", kwa kuwa kila neno lina mwenzake. Mimi moyo wangu haukubali, lakini hoja sina. Naomba utuamue.
Mfasiri, Mji Mkongwe

JIBU: Moyo wako umeona sawa. "Dead water" lipo katika Kiingereza, na hiyo ndiyo hatari yake, kwa sababu lina maana nyengine na msomaji ataichukua hiyo. Kwanza ni yale maji yanayozunguka-zunguka na kufuata nyuma ya shetri chombo kinapokwenda. Pili ni hali inayotokea pale ambapo maji mepesi yasiyo ya chumvi yametanda juu ya maji ya chumvi mazito, meli ikapita ikawa kama imeshikwa na mkono, haiendi ingawa nguvu ni zile zile. Mnorwei Fridtjof Nansen ilimpata hali hiyo mwaka 1893 katika safari yake ya Bahari ya Aktiki, na Msweden Vagn Walfrid Ekman akaichunguza na kuchapisha maelezo yake mwaka 1904. Mvuvi wa Kizimkazi anayesema leo ni maji mafu hakusudii lolote katika hayo. Andikeni "neap tide" au "neaps".

Mwenzako hata hivyo asione kuwa wazo lake halina msingi. Wafaransa huyaita maji hayo "mortes-eaux", maji yaliyokufa, na ya bamvua huyaita "vives-eaux", maji yaliyo hai. Waholanzi husema "doodtij", ambalo nalo lina kifo ndani yake. Angekuwa anafasiri kwenda lugha mojawapo katika hizo, neno kwa neno lingemfikisha salama. Kiingereza ndicho kilichokwenda njia yake.

Kuna jambo jengine la kisarufi ambalo wafasiri wanapaswa kuliangalia. Katika Kiingereza "neap" ni kivumishi cha asili, na "spring" ni nomino iliyoazimwa kufanya kazi ya kivumishi. Kwetu pia "mafu" ni kivumishi, kinachotokana na shina -fu na kukubaliana na nomino yake, na "bamvua" ni nomino isiyobadilika, ndiyo maana tunalazimika kutia kiunganishi na kusema maji ya bamvua. Lugha mbili zisizo na undugu zimefanana hapo, na mfasiri anapata nafuu. Pale ambapo hapana nafuu ni katika "high tide". Wafasiri wengi wakiona "bamvua" huandika hivyo, na ni kosa lile lile la msomaji wetu wa Jambiani likiwa limepinduliwa: "high tide" ni maji kujaa ya siku yoyote, hata ya siku ya maji mafu. Bamvua ni "spring tide", na ndani yake mna kujaa na mna kupwa. Katika kitabu cha uvuvi kosa hilo haliwezi kusameheka, kwa sababu msomaji ataambiwa kuwa pweza huchokolewa wakati wa "high tide", na atashangaa wachokoaji wanapumua vipi.

SWALI: Mimi ni fundi wa vyombo, Nungwi. Mteja wangu Mzungu ametuma ujumbe kuwa chombo chake, ambacho tumekwisha kukikalafati, yaani kuziba mianya ya mbao zake, tusikishue wiki ijayo, asije akawa "neaped". Kijana wangu aliyesoma ananiambia kuwa bwana huyo anaogopa kulala usingizi. Mbona sielewi?
Fundi, Nungwi

JIBU: Kijana wako amelichanganya na "nap", ambalo ndilo la usingizi mfupi wa mchana, na yeye huenda alikuwa anauhitaji. Ujumbe huo unahusu chombo, na mteja wako anajua anachokisema.

Chombo huitwa "neaped" kinapokuwa kimepanda juu kwa maji ya bamvua, ama kwa kuvutwa ama kwa kukwama, kisha bamvua likapita kabla hakijaelea tena. Kila siku maji yanayojaa huishia chini kuliko ya jana, na chombo hubaki pale pale mpaka bamvua jengine lije kukichukua. Kwa Kiswahili tunasema kimepwelewa, lakini neno letu ni pana zaidi, kwani hata ngalawa iliyokaa kwenye mchanga kwa saa nne ikisubiri maji yarudi nayo imepwelewa. "Neaped" ni kupwelewa kwa zaidi ya wiki, na pengine kwa wiki mbili kamili. Na ikiwa bamvua lililokipandisha lilikuwa kubwa kupita kiasi, kama yale ya karibu na Machi na Septemba, wakati jua linapokuwa juu ya ikweta, lile linalofuata linaweza lisikifikie, na mwenye chombo akasubiri miezi.

Anachoogopa ni kuwa mkikishua wiki ijayo, maji yakiwa yanakwenda kwenye kufa, chombo kitafika nusu ya njia, maji yatakishindwa, na kitabaki kimelala upande juu ya mchanga kikipigwa na jua, wakati mbao zimekwisha kutiwa kalafati na zinataka maji. Mjibu kuwa mtakishua "at springs", na mpe tarehe: siku mbili baada ya mwezi mpevu, saa kumi na nusu za jioni au saa kumi na moja, maji yanapokuwa karibu kumaliza kujaa na watu wa kusukuma wametoka kusali alasiri.